Uwanja Ulioingia Nyumbani

4 Februari

Wifi yangu,

Najua unapenda barua ianze na hali za watu, kwa hiyo nakupa upesi upesi: kaka yako mzima, mimi mzima, mpangaji wetu Fundi Saa bado anakohoa na bado anakataa dawa, na wasichana wangu wa cherehani wamechelewa na sare za shule kama kila muhula. Sasa nivute kiti nikuambie.

Wiki iliyopita watu wa baraza la mji walikuja kusimamisha bango kwenye uwanja wa vumbi, hapo nyuma ya nyumba yetu. Bango refu kuliko karakana ya kaka yako. Limechorwa uwanja mkubwa wa mpira, wa kisasa, una viti vya rangi kama pipi, na watu waliochorwa humo wanacheka meno yote nje. Mwanzoni sikuwa na neno. Nikasema afadhali, vumbi litapungua kwenye vitambaa vyangu. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akanifungulia ramani. Wifi, uwanja wenyewe hautoshi pale. Umetambaa mpaka kwenye safu yetu. Nyumba aliyowaachia mama yenu imo. Karakana imo. Chumba changu cha cherehani kimo. Wenye nyumba tutapewa fidia na viwanja huko ng'ambo ya reli, mahali ambapo hata kunguru akienda hubeba chakula chake.

Nikaenda kwa kaka yako mbio. Alikuwa anachomelea geti. Akavua miwani, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu unajua alisema nini? "Hatimaye." Neno hilo moja. Akavaa miwani yake akaendelea na kazi.

Mimi namjua kaka yako Sumaku akiwa na njaa na akiwa ameshiba, lakini siku hiyo nilimtazama kama mtu aliyeingia kuuliza njia.

Ombi langu ni hili. Dirisha lako linatazamana na uwanja mkubwa. Niandikie ukweli wa kuishi jirani na kitu cha namna hiyo, mabaya yake yote, usinifichie hata moja. Kuna mkutano mwezi ujao, nataka niisome barua yako mbele ya watu. Kwenye simu wewe ni "niko salama, nyie je?" basi, ukishika kalamu ndipo unaongea. Na kaka yako asijue. Ukimwambia, usinihesabu.

Wifi yako anayekupenda


15 Februari

Kitinda,

Kaka yako nipo. Vidole vina malengelenge ya moto lakini kalamu vinashika.

Bila shaka habari ya uwanja umeshaipata. Majuzi niliingia ndani nikamkuta wifi yako ameinamia meza na kalamu. Aliponiona akafunika karatasi kwa kaptula ya mwanafunzi. Nikajua mada ni mimi. Simlaumu. Lakini kesi haisikilizwi kwa upande mmoja.

Unakumbuka nilipokuwa nadaka? Hukumbuki, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Na hapo ndipo penye shida yangu. Timu yetu haikuwa na uwanja unaokubalika, kwa hiyo mechi zetu zote, hata zile zilizoitwa za nyumbani, tulizichezea kwenye miji ya watu. Huko ndiko walikonipa jina la Sumaku. Jina likanifuata mpaka hapa, lakini hapa hakuna aliyeniona nikidaka. Mama alikufa hajaniona langoni hata siku moja. Alikuwa akisikiliza redio, nikirudi ananiuliza, "Ule mpira wa dakika za mwisho, ulikujia upande gani?" Basi namwonyesha pale pale sebuleni, kati ya kabati na mlango. Naruka, naanguka kwenye mkeka, yeye anapiga makofi peke yake.

Nataka siku moja kijana wa mtu adake na mama yake yupo, amekaa kwenye kiti, amemwona kwa macho. Ni hayo tu.

Wifi yako anadhani nyumba siijali. Kila dirisha la nyumba hii nimelichomelea mimi. Lakini nyumba naweza kujenga nyingine. Uwanja siwezi kuuchomelea.

Niandikie uzuri wa kukaa karibu na uwanja, kama unavyouona dirishani. Nitausoma mkutanoni. Wifi yako usimgusie habari hii, atanikaanga bila mafuta.

Kaka yako,
Sumaku


2 Machi

Kaka yangu,

Barua yako imenikuta natoka zamu, mikono imekunjamana kwa maji kama ya bibi kizee. Chumba cha kufulia cha hospitali hakina huruma: shuka zinaingia, shuka zinatoka, ukidhani umemaliza wodi nyingine inagonga kengele.

Umeniuliza uzuri. Siku ya mechi mtaa huamka mapema kuliko mimi. Wanaume wazima wamejipaka rangi mashavuni, wamewashika watoto wao mkono. Mama wa ghorofa ya chini anatoa meza nje, anauza chai, na siku hiyo hata wagomvi wake hununua. Taa zikiwashwa, ukuta wa chumba unakuwa mweupe kama shuka iliyotoka kwenye pasi. Nami nikiwa nimejilaza, miguu imevimba, nasikia ule mngurumo wa watu wote kwa pamoja. Sijui nani amefunga, sijui hata nani anacheza, lakini nashtukia nimesimama. Kuna mara wenyeji walishinda, jirani ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu aligonga mlango akanikumbatia, akarudi kwake bila kusema neno.

Kama mji wetu unaweza kupata kitu hicho, Kaka, upate.

Wifi asijue nimekuandikia haya. Na barua zangu endelea kuzituma kwa anwani ya hospitali, sanduku la jengo letu lina matatizo.

Kitinda wako


2 Machi

Wifi mpenzi,

Umesema nisifiche, basi sifichi.

Siku ya mechi barabara hufungwa. Nikitoka kazini askari ananidai kitambulisho ili niingie mlangoni kwangu mwenyewe. Maji hukatika mabombani. Kesho yake ngazi zinanuka, maana wanaume walioshangilia jana waliugeuza ukuta wetu choo. Kodi hupanda kila msimu, na ukiuliza unaambiwa, "Lakini unakaa karibu na uwanja!" kana kwamba ni mimi ninayeingiza magoli. Yule fundi viatu wa kona niliyekusimulia amefukuzwa na kodi. Pale pake panauzwa kofia na skafu.

Na siku zisizo na mechi, ambazo ndizo nyingi, unachokiona ni lango la chuma, mnyororo, na makaratasi yanayozungushwa na upepo. Ndani kuna majani mazuri ajabu. Hakuna mtoto wa mtaani anayeruhusiwa kuyakanyaga.

Simameni imara, Wifi. Nipo nyuma yako. Ila Kaka asijue nimekuandikia haya. Unamjua akinuna, hata kufuli za mageti zinanuna naye.

Wifi yako mdogo


20 Machi

Wifi mwenye ndimi mbili,

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia mwezi mzima. Nimeshindwa, maana hakuna mwingine wa kumsimulia.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Kaka yako aliomba nafasi mapema. Alikuwa amenyoa, amevaa shati nililompigia pasi mimi mwenyewe nikidhani anaenda kudai pesa za geti. Akatoa karatasi mfukoni. "Hii ni barua ya dada yangu wa tumbo moja," akasema, "anaishi mbele ya uwanja." Akaanza kusoma. Wifi, huyu bwana anaposoma bango la dawa hukwama, lakini barua yako aliisoma kama maji. Alipofika pale jirani alipokukumbatia, wanawake wawili mbele yangu wakafuta macho. Ukumbi ukapiga makofi.

Nami nilikuwa na yako nyingine kwenye mkoba. Mtu mwenye akili angefunga mkoba. Nikasimama.

"Mwenyekiti, na mimi nina barua. Ya wifi yangu."

"Wifi yako yupi?"

"Huyo huyo."

Watu walianza kucheka kabla sijaifungua. Nikaisoma yote: maji, kodi, ngazi, fundi viatu. Nilipofika kwenye mnyororo na majani, kicheko kilikuwa kimekwisha. Kisha sauti ya nyuma ikauliza, "Jamani, huyo dada anaangalia dirisha moja au mawili?" Ukumbi ukalipuka upya. Aliyebaki hajacheka ni mhandisi wa baraza, mwanamke kijana mwenye viatu vya matope, aliyeomba nakala ya barua zote mbili. Mkutano ukafungwa bila uamuzi wowote.

Njiani kurudi kaka yako alitembea mbele. Tulipoingia ndani akasema, "Ulisubiri nimalize ndipo univue nguo mbele ya watu." Nami, Wifi, ulimi hauna mfupa, nikamjibu, "Na wewe ulikuwa tayari kuuza nyumba ya mama yako kwa viti vya rangi ya pipi." Nililiona neno likimwingia. Akachukua mto akaenda kulala karakana, katikati ya mageti ya watu.

Tangu hapo tunaongea kupitia kwa Fundi Saa. "Fundi, mwambie huyo bwana chakula kipo." "Fundi, mwambie huyo mama nimeshiba." Uongo, hajala kitu. Jana Fundi Saa aliweka chini kibano chake akasema, "Mimi natengeneza saa. Ndoa sitengenezi."

Nimekukasirikia. Lakini nimekaa nikawaza, hakuna mahali uliposema uongo. Ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Wifi yako


17 Aprili

Kitinda,

Baada ya mkutano nilikuandikia barua kali. Kwa hasira sikutaka ipite hospitali, wasije wenzako wakaifungua wakaona ukali wangu. Nikaituma moja kwa moja nyumbani kwako. Nikasema sanduku likiwa bovu shauri lake, ataiokota chini.

Imerudi leo. Posta wameigonga muhuri, na pembeni mtu ameandika kwa mkono: *Jengo limebomolewa.*

Nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani. Nikaigeuza nikaisoma tena. Kisha nikaingia kwa wifi yako nikamwekea bahasha juu ya cherehani. Hatukuwa tumesemezana ana kwa ana tangu mkutano. Aliitazama, akanyanyua mguu kwenye pedali, akasema, "Sumaku. Mtoto yuko wapi?"

Sasa tunakuuliza sote wawili. Uko wapi? Unalala wapi? Nani anakujua huko? Jibu upesi, usipojibu nakuja.

Kaka yako

(Na mimi wifi yako nipo, namshikia karatasi. Jibu, mama. Hatuna hasira tena na wewe.)


5 Mei

Kaka na Wifi,

Nipo. Nina afya, nina kazi, nina paa. Someni sentensi hiyo kwanza, halafu mkae.

Ni kweli, jengo letu halipo tena. Mwaka jana msimu ulipoisha, wenye uwanja walitaka mahali pa kuegesha magari. Mwenye jengo akalipwa, akahama, akanunua jingine kubwa zaidi. Sisi wapangaji tulibandikiwa karatasi mlangoni. Mama muuza chai alikwenda kuuliza sisi tunapata nini. Aliambiwa jengo si lake, kwa hiyo hakuna alichopoteza. Alikuwa amekaa mle tangu ujana wake, Kaka. Watoto wake walizaliwa mle.

Naishi na mwenzangu wa kazini, pembeni kabisa ya mji. Chumba kidogo lakini mwenzangu ni mcheshi, ila anakoroma. Sikuwaambia kwa sababu nilikujua, Kaka. Ungefunga karakana, ungekuja kunichukua na mabegi yangu, na mimi kazi yangu naipenda, hata mikono ikikunjamana. Kisha mlipoanza kuniuliza habari za dirisha, kila mmoja akiwa na hamu yake, nikaona nikisema silo tena dirisha langu, nitakuwa nimewanyang'anya kitu nyote wawili. Basi nikaandika nililolikumbuka. Kila neno ni la kweli. Ni la mwaka jana tu.

Mtashangaa, lakini mngurumo ule naukumbuka kwa upendo. Ningeweza kuupenda uwanja ule mpaka leo, kama ungenibakizia mahali pa kusimama nikiusikiliza.

Sasa nami nina swali. Kwenye barua zenu wametajwa wenye nyumba tu, watapewa fidia, watapewa viwanja. Fundi Saa anakwenda wapi? Na yule mshonaji wako mrefu, Wifi, aliyepanga nyumba ya tatu na mamake mgonjwa? Kwenye mkutano kuna aliyewataja?

Nisameheni kwa kuwapa hofu.

Kitinda wenu


12 Julai

Wifi yangu kipenzi,

Hakuna aliyewataja. Hata mimi niliyejiona mtetezi wa mtaa sikuwataja. Tulisoma barua yako mara mbili, kaka yako akaenda kugonga mlango wa Fundi Saa. "Fundi, uwanja ukijengwa wewe unakwenda wapi?" Yule mzee hakuinua macho kwenye saa yake. "Nilikuwa nangoja muulize," akasema.

Basi tukagawana mtaa. Kaka yako akachukua upande wa barabara, mimi upande wa uwanja. Kila mlango tukauliza nani amepanga hapa. Wifi, tumeishi hapa miaka yote hii na hatukujua kwamba wapangaji ni wengi kutuzidi. Wengine walijificha wakidhani tumetumwa kuwafukuza. Jioni tukikutana njia panda tunabishana kuhusu uwanja kama kawaida, mimi siutaki, yeye anautaka, halafu tunarudi nyumbani pamoja. Ule mto aliokwenda nao karakana ulisharudi chumbani, kama ulikuwa unaona haya kuuliza.

Siku ya kwenda kwenye baraza tulikwenda na wapangaji wote walioweza kutembea. Mjumbe mmoja akasema utaratibu unawatambua wenye nyumba tu. Kaka yako akasimama. Safari hii hakuwa na karatasi.

"Mheshimiwa," akasema, "humu ndani hakuna anayeutaka huu uwanja kunizidi mimi. Muulize mke wangu, tumegombana mpaka nimelala na mageti. Ndiyo maana nasema mimi, si mwingine: mpangaji asipohesabiwa, trekta la kwanza litanikuta nimelala mbele yake."

Nilipiga makofi mpaka bangili ikakatika. Yule mhandisi akaomba kusema. Kumbe zile barua zako mbili alikuwa nazo kwenye faili, ameziambatanisha na michoro yake. Akauliza wajumbe kama utaratibu unakataza kuwahesabu wapangaji. Wakatazamana. Haukatazi. "Basi naomba niwahesabu," akasema. "Kazi hiyo nitaifanya mwenyewe."

Uamuzi umetoka juzi. Uwanja unajengwa. Safu yetu inavunjwa, nyumba ya mama yenu ikiwemo. Lakini kila mpangaji atapewa chumba huko ng'ambo ya reli kabla ukuta mmoja haujaguswa, na siku zisizo na mechi lango litafunguliwa kwa watoto wa shule. Hilo limeandikwa, limepigwa muhuri. Kwa hiyo nimeshindwa, Wifi, lakini sikushindwa mikono mitupu.

Nilidhani kaka yako atashangilia. Mchana nilimtafuta karakana sikumwona. Nikamkuta sebuleni, amesimama kati ya kabati na mlango, mikono imening'inia.

"Umeshinda," nikamwambia. "Unalia nini sasa?"

"Hapa ndipo Mama alikuwa ananiona nikidaka."

Nikavuta kile kiti cha mama yenu nikakaa. Tukakaa hivyo, yeye amesimama langoni kwake, mimi nimemtazama.

Kesho yake nilianza kufungasha. Mtu mmoja kwenye nyumba lazima afungashe.

Wifi yako


28 Agosti

Kitinda,

Jana mtaa mzima ulikusanyika kuaga uwanja wa vumbi, maana mashine zinaingia wiki hii. Watoto walicheza, wanawake walitoa viti nje, hata Fundi Saa alikuja amevaa koti. Mwishoni akatokea mmoja akapiga kelele, "Sumaku aingie golini! Tumechoka kusikia jina tu!"

Nikaingia. Lango lilikuwa mawe mawili. Vijana wakapiga, mipira yote ikanipita, watu wakacheka vizuri. Kisha wasichana wa cherehani wakaanza kuimba: "Mama Sare apige! Mama Sare apige!" Wifi yako akakataa, akakataa, halafu akavua viatu.

Kitinda, huyo mwanamke hajui kuficha. Kabla hajapiga, macho yalikuwa yameganda upande wangu wa kulia. Nilijua mpira unakoenda kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Ningeudaka kwa mkono mmoja. Lakini nikajiuliza: nimeshamshinda kwenye baraza, nyumba yake inavunjwa, halafu na hiki kigoli chake kimoja nimnyime mbele ya watu? Nikajirusha kushoto. Na unajua bega langu la kushoto tangu lile geti lilipoliangukia mwaka jana halina kazi. Nilianguka nalo kama gunia.

Goli! Wakambeba juu kwa juu. Hujawahi kumwona wifi yako akibebwa.

Hajagundua kitu. Usimwambie.

Kaka yako,
Sumaku


30 Agosti

Wifi,

Naandika juu ya sanduku, meza imeshafungwa. Tunahama Jumamosi. Huko tunakoenda tumekutengea chumba, hata kama utakitumia wiki mbili kwa mwaka. Kazi yako endelea nayo. Lakini uwe na mlango wa kwako mahali fulani.

Nataka nikusimulie kuhusu penalti, maana watu hapa wananiita mfungaji na mimi nakufa kwa aibu.

Sikutaka kufunga. Nilitaka adake. Mimi ndiye ninayemvalisha shati asubuhi, najua bega la kushoto halinyanyuki. Kwa hiyo nilimpigia kulia kwake, taratibu, mpira wa kumrushia mtoto. Nikaukazia macho upande huo ili hata kipofu aelewe. Nilitaka mtaa umwone, japo mara moja, kabla uwanja haujaondoka. Na mimi mwenyewe nimwone, Wifi. Nimeolewa na kipa na sijawahi kumwona akidaka mpira wa mtu.

Na yule mjinga akaruka kushoto! Mpira ukapita polepole kama mtu anayeingia kwake. Watu wakaninyanyua, mimi huku juu nalia, wakadhani ni furaha.

Tangu juzi namkanda bega kwa maji ya moto. Leo alipogumia nikamwambia bila kufikiri, "Ungeruka kulia lisingeuma."

Akageuza shingo akanitazama. "Wewe ulitaka niruke kulia?"

Nikakamua kitambaa. Nikakikamua tena. Yeye akawa ananitazama tu, na taratibu nikaona mashavu yanaanza kumtikisika. Tulicheka, Wifi, mpaka maji yakamwagika kwenye godoro, mpaka Fundi Saa akagonga ukuta kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Hatukuambiana lolote zaidi ya hapo. Namjua kaka yako, atakuwa ameshakuandikia, na amekuambia usiniambie.

Basi usiniambie.

Wifi yako